Maswali Mnayouliza Sana Kuhusu Wanga na Nafaka Zisizokobolewa

Kila tukianza kuongelea chakula maswali yanarudi yale yale: wanga unanenepesha, mkate niuache, wali usiku ni mbaya. Nimeyakusanya hapa niyajibu kwa pamoja. Mengine yana majibu ya mistari miwili na nimeyaacha hivyo hivyo, mengine nimekaa nayo kwa sababu ndo yanayowachanganya watu. Kama una kisukari, una shida ya figo au unatumia dawa za kushusha sukari, tafadhali pitia kwanza jibu la kisukari kabla hujabadilisha chochote kwenye sahani yako.

Wanga ni nini hasa na mwili unaufanyia nini?

Kabohaidreti ni familia ya vitu vitatu: sukari, wanga wenyewe, na nyuzinyuzi au faiba kama wengi wanavyosema. Kwenye maongezi ya kawaida tunaviita vyote wanga na mimi nitafanya hivyo hivyo. Sukari na wanga vikifika kwenye utumbo mdogo vinavunjwa mpaka vinakuwa glukosi hasa, inaingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini, na insulini ndo inasaidia ile glukosi iingie kwenye seli itumike. Ubongo wa mtu mzima peke yake unatumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, yaani karibu asilimia 20 ya nguvu yote ambayo mwili unatumia ukiwa umepumzika, na hapo ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako. Glukosi ambayo haijatumika inawekwa akiba kwenye ini na kwenye misuli kama glaikojeni, na akiba ikijaa ndo ziada inaanza kwenda kwenye mafuta.

Nyuzinyuzi zenyewe hazivunjwi na mwili wetu, zinapita mpaka utumbo mpana, na huko zina kazi kubwa ambayo ina swali lake huko chini.

Kwa hiyo wanga unanenepesha au haunenepeshi?

Gramu moja ya wanga ina kalori 4, protini nayo 4, mafuta 9. Kwa hiyo kwa hesabu tupu wanga hauna kalori za kutisha kuliko wenzake. Uzito unaongezeka pale unapokula kuliko unavyotumia kwa muda mrefu, na ziada hiyo inaweza kutoka popote.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliotoka mwaka 2018 ambao naupenda kwa sababu ulifanywa kwa uangalifu, walichukua watu wazima 609 wenye uzito uliozidi wakawagawa, nusu wale mafuta kidogo na nusu wale wanga kidogo, wote wakaambiwa wale vyakula halisi, mboga kwa wingi, wapunguze sukari na unga mweupe. Baada ya miezi 12 wa mafuta kidogo walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.3 na wa wanga kidogo kilo 6, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Wote walipungua. Sasa angalia walichofanana: makundi yote mawili yaliacha vitu vilivyokobolewa na sukari ya kuongeza.

Na hapo ndo nataka mnisikie vizuri. Tunapogombana kuhusu wanga tunaweka kwenye kapu moja maharage na soda, oti na biskuti, wakati ni vitu ambavyo mwili unavipokea tofauti kabisa. Biskuti ni rahisi kula pakiti nzima bila kushiba kwa sababu ni unga laini, sukari na mafuta, hakuna cha kutafuna. Jaribu kula maharage ya kalori zile zile uone kama utamaliza.

Mbona nikiacha wanga napungua kilo mbili wiki ya kwanza tu?

Mengi ya hayo ni maji. Mtu mzima ana akiba ya glaikojeni kama gramu 500, kama 100 kwenye ini na 400 kwenye misuli, na kila gramu inahifadhiwa pamoja na gramu kama 3 za maji. Ukikata wanga akiba inatumika, maji yanatoka kwenye mkojo, mzani unashuka kama kilo mbili hivi. Siku ukirudi kula wanga maji yanarudi na mzani unapanda, usikate tamaa hapo ukadhani umenenepa kwa sahani moja ya wali.

Nafaka nzima ni ipi, na nitaijuaje?

Chukua punje ya ngano uikate katikati. Nje kuna ganda gumu la rangi ya kahawia, hilo ndo linakuwa pumba, kama asilimia 14 ya uzito wa punje. Kwenye ncha moja kuna kitu kidogo cha njano, hicho ni kiini, sehemu ambayo ingeota ukiipanda, ni kama asilimia 2 na nusu tu lakini ina mafuta mazuri, vitamini E na vitamini za kundi B. Sehemu kubwa iliyobaki, kama asilimia 83, ni ile nyeupe, wanga na protini kiasi, chakula ambacho punje imemwekea mche wake. Nafaka ikibaki na sehemu zote tatu inaitwa nzima. Inaweza kusagwa, kupasuliwa, kubanwa ikawa bapa kama oti, bado ni nzima ilimradi hakuna kilichotolewa.

Kwa hiyo mchele wa kahawia ni mzima, oti za aina zote ni nzima hata zile za haraka (ila zile za sukari na ladha soma lebo), mtama, ulezi na uwele vikisagwa bila kukobolewa, dona, bulgur (ngano iliyochemshwa ikapasuliwa), kinowa, na bisi pia. Ndiyo, bisi ni nafaka nzima kabisa, tatizo ni siagi, chumvi na sukari tunazomwagia. Shayiri ile nyeupe iliyong'arishwa inayoitwa lulu sio nzima japo wengi wanadhani ni nzima.

Kukoboa kunaondoa nini hasa? Si wanga ni ule ule?

Wanga ndo unaobaki. Kinachoondoka ni karibu kila kitu kingine. Unga wa ngano usiokobolewa una nyuzinyuzi gramu 10 mpaka 12 hivi katika kila gramu 100, mweupe una kama 3. Magnesi, zinki, chuma, vitamini B na E vinashuka sana kwa sababu vilikuwa kwenye pumba na kiini.

Dunia ililijua hili kwa njia mbaya. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa kisiwa cha Java, Indonesia ya leo, akitafuta chanzo cha beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu, unaharibu neva na moyo na ulikuwa unaua watu. Wengi walidhani ni kijidudu. Eijkman akaona kuku waliokuwa wanalishwa wali mweupe uliokobolewa wanapata dalili zinazofanana, na wakirudishiwa mchele wenye ganda lake la ndani wanapona. Baadaye ikajulikana kwamba kilichokuwa kinakosekana ni thiamini, yaani vitamini B1, ambayo iko kwenye pumba, na mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Frederick Gowland Hopkins. Watu walikuwa wanakula, tena wanashiba, na bado wanakufa kwa kilichotupwa na mashine.

Siku hizi nchi nyingi zinarudishia unga mweupe madini ya chuma, asidi ya foliki na baadhi ya vitamini B, na hilo limesaidia sana, hasa foliki kwa wajawazito kuzuia watoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Lakini nyuzinyuzi kwa kawaida hazirudishwi, magnesi mara nyingi hairudishwi pia.

Hizi nyuzinyuzi zinasaidia nini zaidi ya choo?

Choo tu peke yake sio jambo dogo, muulize mwenye bawasiri. Lakini kuna zaidi. Kuna nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji zikawa kama uteute, utaziona ukipika oti zikaacha ule unene wa kuvutika. Ule uteute unachelewesha chakula kutoka tumboni, sukari inaingia kwenye damu taratibu, na pia unanasa asidi za nyongo na kutoka nazo, ini linalazimika kutengeneza nyongo nyingine na kwa kazi hiyo linachukua kolesteroli kutoka kwenye damu. Aina ya nyuzinyuzi iliyo kwenye oti na shayiri inaitwa beta-glukani, na gramu 3 kwa siku zinatosha kushusha kolesteroli mbaya, ndo maana mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu pakiti za oti ziandikwe kuhusu afya ya moyo. Aina ya pili haiyeyuki, kama ile ya pumba za ngano, yenyewe inaongeza ujazo wa choo na kukisukuma.

Halafu kuna bakteria wa utumbo mpana. Wao wanachachusha sehemu ya nyuzinyuzi na kutengeneza asidi fupi za mafuta, mojawapo butireti, ambayo ni chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana.

Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa uchambuzi mkubwa uliounganisha tafiti 185 za kufuatilia watu na majaribio 58, na wale waliokula nyuzinyuzi nyingi wakilinganishwa na waliokula kidogo walikuwa na vifo na wagonjwa wapya pungufu kwa asilimia 15 mpaka 30, yaani magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya 2, saratani ya utumbo mpana. Faida kubwa ilionekana kwenye gramu 25 mpaka 29 kwa siku. Kwangu mimi hakuna ushauri wa lishe wenye faida kubwa kwa gharama ndogo kama huu.

Sawa, nile kiasi gani kwa siku?

Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2023 lilisema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi za asili kwenye chakula na angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na wanga wake utoke hasa kwenye nafaka nzima, mboga, matunda na jamii ya kunde.

Gramu 25 zinapatikanaje? Asubuhi oti kavu gramu 50, hapo una kama 5. Mchana kikombe cha maharage yaliyopikwa, kama 11 au 12. Tufaha moja na ganda lake, kama 4. Vipande viwili vya mkate wa ngano nzima, 4 hivi. Mboga za majani kikombe, 3 au 4. Umeshafika na hujanunua kidonge chochote. Angalia pia ni nani kabeba mzigo mkubwa hapo, ni maharage, sio mkate. Watu wanahangaika kutafuta mkate wa brauni wa bei kali wakati kunde ziko palepale.

Kwa sahani yenyewe, robo iwe nafaka au viazi, robo protini, nusu mboga. Usipime kwa gramu kila siku, utachoka.

Mkate wa brauni si ndo huo huo wa nafaka nzima?

Sio lazima. Rangi inaweza kutoka kwenye karameli au molasi. Geuza pakiti, achana na maandishi makubwa ya mbele, tafuta orodha ya viambato. Viambato vinapangwa kwa uzito, kizito kwanza. Kama cha kwanza ni unga wa ngano nzima uko vizuri. Kama cha kwanza ni "unga wa ngano" tu, halafu unga wa ngano nzima unakuja wa nne baada ya sukari, huo ni mkate mweupe uliopakwa rangi. "Nafaka mchanganyiko" nayo haikuambii kitu, zinaweza kuwa nafaka saba zote zimekobolewa.

Njia nyingine ya haraka ukiwa umesimama supamaketi: angalia wanga jumla na nyuzinyuzi kwenye lebo, kwa kila gramu 10 za wanga kuwe na angalau gramu 1 ya nyuzinyuzi. Mkate wenye wanga 40 na nyuzinyuzi 5 unapita, wenye 48 na 2 haupiti.

GI ni nini, niifuate?

Ni kipimo cha chakula kinapandisha sukari ya damu kwa kasi gani ukilinganisha na glukosi ambayo imepewa 100. Kilianzishwa na David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1981. Chini ya 55 au 55 yenyewe ni ndogo, 56 mpaka 69 ya kati, 70 kwenda juu ni kubwa. Inasaidia, lakini usiiabudu, kwa sababu inapima chakula kikiwa peke yake na kwa kiasi ambacho pengine huli. Tikitimaji lina GI ya juu ila wanga wake ni kidogo kwa sababu kubwa yake ni maji. Aiskrimu ina GI ya chini kuliko mkate mwingi kwa sababu mafuta yanachelewesha, hiyo haiifanyi kuwa chakula cha afya.

Namba yenyewe pia inabadilika na upishi. Tambi zilizopikwa zikabaki na ugumu kidogo zinapandisha sukari taratibu kuliko zilizolainika sana. Oti za punje zilizokatwa ziko chini kuliko za unga wa haraka japo zote ni nzima. Na wali au viazi vikipikwa vikapoa kwenye friji sehemu ya wanga wake inajipanga upya ikawa ngumu kuvunjwa, inafanya kazi kama nyuzinyuzi, na ukipasha moto sehemu yake inabaki hivyo. Usiache wali nje usiku kucha lakini, ingiza kwenye friji mapema, kuna bakteria wanaopenda wali uliokaa kwenye joto.

Nina kisukari, wanga niuache kabisa?

Hapana, huhitaji kuuacha kabisa, na ukiwa unatumia insulini au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini ni hatari kukata wanga ghafla huku dozi ni ile ile, sukari inaweza kushuka mpaka ukazimia. Kama unataka kula wanga kidogo, na wapo wanaofanikiwa sana kwa njia hiyo, ongea kwanza na daktari wako dozi irekebishwe. Mwenye figo zilizochoka pia asiongeze kunde na nafaka nzima kiholela kwa sababu zina potasiamu na fosforasi.

Vitu vitatu vinavyosaidia wengi. Kiasi, yaani ile robo ya sahani ibaki robo kweli, kwa sababu hata mchele wa kahawia ukijaza sahani utapandisha sukari. Mpangilio, anza na mboga na protini, wanga umalizie, sukari baada ya mlo inapanda kidogo kuliko ukianza na wanga. Na kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula, misuli inachukua glukosi bila kungoja insulini nyingi. Kama una mashine ya kupimia, pima kabla ya kula na saa mbili baadaye, utaujua mwili wako kuliko jedwali lolote.

Wanga usiku?

Mwili hauna saa inayogeuza wali kuwa kitambi ikifika usiku. Ila wengi usiku tunakula sahani kubwa kisha tunalala, na mwili unashughulikia sukari vibaya kidogo jioni kuliko asubuhi. Kula mapema kidogo na upunguze kiasi, inatosha.

Matunda yana sukari, niyaache?

Usiache matunda. WHO inaposema sukari isizidi asilimia 10 ya kalori, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, inaongelea sukari ya kuongeza, asali, na sukari iliyo kwenye juisi, hata juisi uliyokamua mwenyewe. Tunda zima halihesabiwi. Kwa mtu wa kalori 2000 hiyo asilimia 10 ni gramu 50, kama vijiko vidogo 12, na asilimia 5 ni vijiko 6. Soda moja ya mililita 330 ina kama gramu 35, tayari umepita nusu ya kwanza. Na chungwa ukilila unakula moja au mawili, ukikamua glasi moja umekunywa matatu na zile nyuzi umezitupa.

Gluteni ni mbaya kwa kila mtu?

Gluteni ni protini iliyo kwenye ngano, shayiri na rai. Karibu asilimia 1 ya watu wana ugonjwa wa siliaki, kinga yao inashambulia utumbo wakila gluteni, hao waiache kabisa maisha yote. Wapo pia wasio na siliaki ambao ngano inawasumbua tumbo. Ila usianze kuacha gluteni kabla ya kupimwa, kwa sababu kipimo cha siliaki kinahitaji uwe bado unaila. Mtama, ulezi, uwele, mahindi, mchele na kinowa havina gluteni. Wengine wote hamna sababu ya kuikimbia, na biskuti iliyoandikwa haina gluteni bado ni biskuti.

Nimeanza nafaka nzima, tumbo limejaa gesi. Niache?

Punguza, usiache. Bakteria wako hawajazoea. Ongeza taratibu ndani ya wiki kadhaa, badilisha mlo mmoja kwanza, na kunywa maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi nyingi bila maji zinaweza kukufungisha choo badala ya kukisaidia. Kama maumivu ni makali, choo kina damu au unapungua uzito bila sababu, hilo sio suala la oti tena, nenda kapime.

Kuna anayesema nafaka nzima zina sumu inayozuia madini, kweli?

Anaongelea fitati, kitu cha asili kilichomo kwenye nafaka, sio sumu. Inashika chuma na zinki kiasi zisifyonzwe zote. Kwa mtu anayekula vyakula mchanganyiko haina shida, ila kwa anayetegemea nafaka peke yake siku zote inaweza kuwa na shida. Kuloweka, kuchachusha na kuotesha vinaipunguza sana, na ukila pamoja na chenye vitamini C kama limau au nyanya chuma kinafyonzwa vizuri zaidi.

Na watoto?

Wapewe, ila tumbo lao ni dogo. Mtoto chini ya miaka miwili ukimjaza vyakula vya nyuzinyuzi nyingi anashiba kabla hajapata nguvu ya kutosha kukua, kwa hiyo changanya na vyenye mafuta mazuri na protini, usimwekee pumba za ziada. Kwa wakubwa kidogo WHO inasema gramu 15 kwa miaka 2 mpaka 5, gramu 21 kwa miaka 6 mpaka 9, na kuanzia 10 gramu 25.

Nakimbia, ninyimwe wanga mweupe pia?

Saa ya mazoezi makali ni tofauti. Ukikimbia zaidi ya saa moja mwili unaweza kutumia gramu 30 mpaka 60 za wanga mwepesi kwa saa, na kabla ya mbio kubwa nyuzinyuzi nyingi zitakutafutia choo njiani. Mweupe hapo una kazi yake.

Mchele wa kahawia unanishinda, haulainiki, na unga wangu wa nafaka nzima unakuwa mchungu. Nifanyeje?

Mchele wa kahawia una ganda linalozuia maji, ndo maana unachukua dakika 40 mpaka 45 wakati mweupe unachukua 15 mpaka 20. Osha, loweka usiku au angalau saa kadhaa, mwaga yale maji, uuchemshe kwenye maji mengi kama unavyochemsha tambi, ukiiva chuja, rudisha kwenye sufuria, funika dakika 10 moto umezimwa ujikaushe wenyewe. Kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga kunapunguza pia aseniki, kitu chenye sumu ambacho mchele unakivuta kutoka kwenye udongo na kinakaa zaidi kwenye ganda la nje, kwa hiyo badilisha badilisha nafaka, usile mchele wa kahawia kila siku ya Mungu. Familia ikigoma anza kwa robo ya kahawia na robo tatu nyeupe, ila kila mmoja uupike sufuria yake, ukiupika pamoja mmoja utakuwa uji na mwingine bado mawe.

Unga mchungu ni kwa sababu ya kile kiini. Mafuta yake yakikutana na hewa na joto yanaharibika, na unga mweupe unakaa muda mrefu kwa sababu tu hauna mafuta hayo. Nunua kidogo kidogo, angalia tarehe, weka kwenye chombo kinachofunga vizuri sehemu ya baridi, na kama una friza uweke humo, utakaa miezi kadhaa. Kabla ya kukanda onja kidogo ncha ya ulimi: unga mzuri una utamu kwa mbali, ulioharibika unaacha uchungu kooni na haufai hata ukiuchanganya na mweupe.